Machela Haikukata Kona

Vijana mnaokwenda nje kusomea usanifu wa majengo, mkipita hapa Ulemo, Singida, kuniaga huwa mnaanza vizuri sana. "Shikamoo, bibi." Marahaba. Mnakaa, mnakunywa uji, halafu swali linakuwa lile lile: "Bibi, ninunue kompyuta ya aina gani?"

Sijui, wajukuu zangu. Mimi ni mtu wa kalamu ya wino na wembe. Nilichonacho ni hadithi, na hadithi haziishi chaji. Kompyuta nimezitumia miaka yangu ya mwisho ofisini, na ninachojua ni kwamba zina adabu iliyopitiliza. Ukichora choo kisicho na mlango, haikukemei hata kidogo. Inakuuliza kama unataka kukichapisha kwa rangi.

Basi sikilizeni ya kwangu.

Mimi nilisoma Bulgaria. Usione aibu kama hujui iko wapi, hata sisi hatukujua. Nilipopata ufadhili, mwalimu wangu wa jiografia alifungua atlasi akapapasa Ulaya kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi, mpaka akasema, "Hii hapa. Nilijua ipo." Baba yangu, mkulima wa uwele na alizeti, yeye hakujali iko wapi. Alitaka kujua ninakwenda kufanya nini.

"Unakwenda kusomea kujenga?"

"Kuchora majengo, baba."

"Na kujenga atajenga nani?"

"Mafundi."

Akatikisa kibuyu chake cha togwa, akanywa, akafikiri. "Kwa hiyo unakwenda kote huko kusomea kutojenga."

Nimefanya kazi hii mpaka nimestaafu, na bado sijapata jibu zuri la kumpa.

Sasa, kitu cha kwanza kujua unapofika ugenini ni kichwa chako. Simaanishi akili. Namaanisha kichwa chenyewe, kile kinachokaa shingoni. Wabulgaria wakikubali wanatikisa kichwa huku na huku, na wakikataa wanakiinua juu, unaona kama wanaitikia. Hakuna aliyenionya. Siku za mwanzo, mama wa kantini alikuwa ananionyesha mkate, mimi naitikia kwa kichwa kwa heshima zote, naye anaurudisha kwenye kapu. Nikawa nakunywa supu bila mkate nikidhani ni utaratibu wa wageni. Aliyenisaidia ni Lan, binti wa Kivietnamu aliyekuja kusomea usanifu kama mimi, niliyekaa naye chumba kimoja cha bweni. Lan alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, na jicho lake halikupitwa na kitu. Alinitazama mezani, akanishika kidevu kwa mkono wake, akakigeuza kulia na kushoto mbele ya yule mama. Nikapewa mkate vipande viwili na kicheko juu yake.

Lugha tulifundishwa mwaka mzima kabla ya kuanza fani. Lakini nawaambia, lugha ya darasani ni ya kufaulia mtihani. Ya kuishi nayo niliipata kantini, kwa yule mama, aliyenifundisha majina ya mboga zote na matusi machache.

Tulipoanza usanifu wenyewe, tulimpata Profesa Stoyanova. Mama wa makamo, nywele fupi, vidole vyenye madoa ya wino, sauti kama ya mtu anayefukuza kuku shambani. Jina langu, Eliwaza, lilimshinda siku ya kwanza, akaniita Elisaveta mpaka nilipomaliza. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa hii: kila mtu achore nyumba aliyokulia, kwa vipimo.

Wenzangu wakapiga simu kwao. Mimi nimpigie nani? Nyumba niliyokulia ilikuwa tembe. Ninyi wa siku hizi mmeziona chache: ukuta wa miti na udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, fupi, imekaa chini kama kuku anayeatamia. Ningeweza kuchora nyumba ya bati ya jirani, na kwa kweli nilianza kuichora. Lan akachungulia, akauliza hicho chumba cha kona nilikuwa nalala na nani. Sikuwahi kulala humo. Nikakunja karatasi, nikaanza upya.

Vipimo nikavitafuta mwilini. Mlango: baba alikuwa anainama, mama hainami. Unene wa ukuta: nikiwa mtoto nilikuwa nakaa kwenye kidirisha, miguu yote miwili inaingia humo. Upana wa chumba cha ndani: mimi na dada zangu tukilala tumejipanga, mdogo anagusa ukuta na mbuzi wanaanzia hapo. Nilisimama katikati ya chumba cha bweni nimefumba macho, nanyoosha mikono, na Lan ananifuata na futi akipima nilipoishia. Na juu ya paa nikachora kila kitu kama kilivyokuwa: mlenda unaoanikwa, maboga, karanga, na kuku mmoja aliyepanda bila ruhusa.

Darasani kijana mmoja akauliza kwa nini mizigo ya familia imewekwa juu ya nyumba. Watu wakacheka. Profesa hakucheka. Alisogea karibu mpaka miwani ikakaribia kugusa karatasi, akaanza kutikisa kichwa. Huku na huku, huku na huku. Nami nilikuwa najua vizuri maana yake kwa wakati ule, ila macho yangu yalikuwa hayajaambiwa. Machozi yakanilenga.

"Unalia nini?" akauliza. "Hii ndiyo nyumba pekee hapa ambayo mtu anaishi ndani yake. Sasa nieleze. Mchana kunakuwaje humo?"

"Baridi, Profesa. Baridi nzuri."

"Na usiku?"

"Joto."

"Kwa nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimelala ndani ya jibu miaka yote na sikuwahi kuuliza. Akanipa vitabu vya udongo, joto na upepo, akaniambia nirudi nikijua. Wajukuu zangu, mkienda huko msijifanye mmezaliwa kwenye ghorofa. Wenye maghorofa wako tele huko.

Msidhani tangu hapo nilikuwa bingwa. Kazi iliyofuata tulichora nyumba ndogo ya wazee wawili. Nikakumbuka adha ya jua la kwetu, nikawahurumia wale wazee, sebule yao nikaiweka upande wa kaskazini ili wapate kivuli. Kule jua haliendi kaskazini kabisa. Linapitia kusini, chini, kama mgeni asiyetaka kusumbua, na kaskazini kunabaki barafu. Profesa akatazama mchoro, akanitazama mimi. "Elisaveta, wazee hawa wamekukosea nini?"

Tangu siku hiyo, mahali popote ninapofika, kabla ya salamu ya pili nauliza jua linatoka wapi na linazama wapi. Niliporudi, wateja wangu wa Ikungi walikuwa wananiona mchawi.

Na ya upepo je? Mtu wa Singida anajua upepo, si ndiyo? Mimi nilijigamba hivyo. Nikatengeneza modeli ya shule kwa karatasi ngumu, nikaikumbatia, nikasimama kituoni kusubiri tramu, gari la reli la mjini. Upepo ukaja, ukachukua paa lote kwa mkupuo mmoja. Bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani akaacha kapu lake akalikimbiza barabarani, akalikanyaga kwa mguu kama anayekamata jogoo, akaniletea. "Binti, paa lako hili." Lilikuwa na alama ya kiatu chake. Niliwasilisha hivyo hivyo. Ujanja niliojifunza: modeli ibebwe vipande vipande, gundi ya mwisho iwekwe ukishafika. Na mstari wa wino uliokosea usiusugue kwa kifutio. Ukwangue kwa wembe mpya, kwa mkono mwepesi, halafu palainishe kwa ukucha. Najua hamtatumia wembe. Lakini mkono mwepesi mtautumia.

Mwaka wa mwisho ndio niliotaka kuwasimulia hasa.

Kila mwanafunzi alichagua jengo moja, alichore lote, kisha alitetee mbele ya jopo la maprofesa. Ukianguka, ufadhili umekwisha, unapanda ndege bila shahada. Hilo halikuwa tishio la mdomo. Mwaka uliotangulia tulimsindikiza uwanjani kijana mmoja wa Kiafrika aliyeanguka. Alikuwa mcheshi wetu sote. Tulimbebea mabegi tu.

Mimi nikachagua nyumba ya wajawazito, pale Misigiri, jirani na hapa. Mahali ambapo mama wa kijiji cha mbali anakuja mapema, anakaa, anapika na wenzake, na uchungu ukimshika chumba cha kujifungulia kiko hapo hapo. Profesa aliponiuliza kwa nini jengo hilo, nilimwambia ukweli. Shangazi yangu, dada yake baba, alishikwa na uchungu wakati wa masika. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali. Mtoto alizaliwa njiani, akapona. Shangazi hakufika.

Profesa hakusema pole. Alisema, "Basi lichore vizuri."

Nikalichora, jamani. Kuta nene za matofali ya udongo, bati lililoinuliwa juu ili hewa ipite chini yake, baraza pana ya kukaa akina mama. Lilikuwa na ua katikati, na korido iliyozunguka ua ule ikakata kona nzuri kabisa kuelekea chumba cha kujifungulia. Ile korido niliipenda. Niliiwekea hata vidirisha vyembamba ili mwanga uanguke sakafuni kwa mistari. Lan alisema ni nzuri kama kanisa.

Ikiwa imebaki wiki moja nikabidhi michoro, Profesa Stoyanova alikuja mezani kwangu asubuhi. Akatazama. Akapitisha kidole kwenye korido, akafika kwenye kona, akasimama. Akaondoka, akarudi na boksi la chaki.

"Nifuateni," akasema. "Na wewe Lan. Na ninyi wawili wenye mabega."

Tukateremka ukumbi mkubwa wa chini. Akaniamuru nichore korido yangu sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi. Nikachora, nimepiga magoti, wanafunzi wanapita wanatuzunguka. Tukapanga viti juu ya mistari viwe kuta. Akaagiza ubao mrefu wa kuchorea uletwe uwe machela.

"Lan, lala. Wewe una mimba na una uchungu."

Lan akalala, akaweka sweta tumboni, akaanza kulia kwa Kivietnamu. Alikuwa mkimya maisha yake yote, kumbe mwigizaji. Watu wakajazana, vicheko juu. Wale vijana wawili wakainua ubao, wakaenda nao mbio koridoni, wakafika kwenye kona.

Ubao ukagonga kiti.

Wakarudi nyuma, wakajaribu kwa kutanguliza miguu. Ukagonga kiti cha upande wa pili. Wakauinamisha, Lan akaanza kuteleza, akashika shati la mmoja, wote watatu wakakaribia kuanguka. Ukumbi ulikuwa unacheka mpaka watu wanashikana.

"Tena," akasema Profesa.

Wakajaribu tena. Haukupita.

"Tena."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wale vijana walikuwa wanatoka jasho. Lan naye alikuwa ameacha kuigiza, amelala kimya anatazama dari, sweta tumboni. Na mimi nimesimama na chaki mkononi, namuona shangazi. Alikuwa amefia njiani, nami nimekaa mwaka mzima, kwa wino mzuri, nikimchorea njia nyingine ya kufia.

Profesa akanipokonya chaki, akairudisha kwenye boksi. "Kona hii ni nzuri sana, Elisaveta," akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Ndiyo maana hukuiona."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Michoro yote ilikuwa imejengwa juu ya ile korido. Kuitoa ni kuanza upya karibu kila karatasi, na wiki moja haikutosha kwa mikono miwili. Nikaanza kufikiria uwanja wa ndege na nani atanibebea mabegi.

Lan akaja, akakaa. "Unalia au unafikiri?"

"Vyote."

"Chagua kimoja."

Kule kuna desturi nzuri: wa miaka ya chini huwasaidia wa mwaka wa mwisho kuchora. Lan akawakusanya. Asubuhi iliyofuata nikawakuta wanane wananisubiri, kalamu mkononi, na hata yule mwenzangu wa darasa aliyewahi kuuliza habari za mizigo juu ya paa, ameacha michoro yake. Mmoja anapiga mistari ya kuta, mwingine miti, mwingine hana kazi ila kukwangua makosa kwa wembe. Mama wa kantini akatuletea mkate bila kutuuliza kwa kichwa wala kwa mdomo. Chumba cha kujifungulia nikakitoa nyuma ya ua, nikakileta mbele, mlango wake mpana ukifungukia barazani. Mkokoteni wa ng'ombe ungeweza kusogea mpaka ukingo wa baraza, na mama akaingizwa moja kwa moja bila kona hata moja. Jengo likapoteza uzuri kidogo. Siku ya kukabidhi, wino wa karatasi ya mwisho nilikuwa naupuliza nikiwa natembea.

Siku ya utetezi, profesa mmoja mzee wa jopo, baba mnene mwenye tai ya kahawia, akaniuliza, "Mwanafunzi, nchi yako inataka kwenda mbele. Kwa nini unairudisha kwenye udongo?"

Kibulgaria changu chote kikanitoka. Nikabaki na kile cha kantini.

"Profesa, umewahi kulala chini ya bati tupu, mwezi wa kumi, saa nane mchana?"

"Sijawahi."

"Mimi nimewahi. Nikiwa mzima, sina uchungu. Nilitoka nje nikalala chini ya mkokoteni."

Profesa Stoyanova alikuwa anatazama dirishani kama hanijui. Yule mzee akaandika kitu, akauliza habari za mchwa, nikamjibu. Akauliza mvua, nikamjibu. Wakanipa nne kati ya sita. Si alama ya kung'ara, lakini ni ya kupita. Na yule mzee, wakati wa kunipa mkono, alikuwa anatikisa kichwa huku na huku.

Mnataka kujua kama ile nyumba ilijengwa Misigiri. Haikujengwa. Nilirudi nayo imekunjwa kwenye bomba la plastiki, nikaionyesha kwa wakubwa, wakaisifu, wakaniambia serikali ina ramani zake. Ilinichoma. Nilikaa nalo donge hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Lakini kila zahanati niliyopewa kuchora baada ya hapo, hata ile ndogo kabisa, machela inapita bila kugonga kitu. Nendeni na ubao mkajaribu.

Na tabia ya chaki ikanikaa, ila huku kwetu nilitumia majivu. Nyumba yoyote, kabla ya fundi kugusa jembe, tunaichora uwanjani kwa ukubwa wake, wenyewe watembee ndani. Mfanyabiashara mmoja wa Ikungi aliingia nyumbani kwake kwa majivu akitembea kifua mbele, mkewe akamwita, "Baba Hamisi, umepita ukutani." Akarudi nje, akatafuta mlango, akauingia. Tangu hapo akawa mteja mtiifu.

Nyumba ya kwanza kabisa niliyochora kwa njia hiyo ilikuwa ya wazazi wangu, hapa Ulemo. Ndugu zangu walikuwa wamechanga matofali na tembe lilikuwa limechoka. Jioni moja nikamwaga majivu, nikawaita.

Baba akazunguka ndani mikono nyuma, akauliza mahali pa redio, akaridhika, akatoka. Mama alibaki amesimama nje ya mstari. Mama yangu alilala na dada zake, kisha akalala na mume na watoto, kisha na wajukuu na mbuzi wachanga. Akanyoosha kidole kwenye chumba kidogo cha upande wa mashariki.

"Hiki cha nani?"

"Chako, mama."

"Changu na nani?"

"Na wewe mwenyewe. Ukitaka kusali, ukitaka kushona, ukitaka kunyamaza."

Angeweza kuruka ule mstari, ulikuwa ni majivu tu. Lakini alizunguka mpaka nilipoacha pengo la mlango, akavua ndala, akaingia. Akatazama pande zote nne kama kuna kitu cha kutazama. Kisha akakunja kanga yake akakaa chini, miguu ameinyoosha, mgongo ameuelekeza kwenye ukuta ambao haukuwepo.

Jua likazama. Upepo ukaanza kuyachukua majivu kutoka kona moja. Baba akaita kutoka mlangoni pa tembe kwamba chakula kinapoa, twende.

"Tangulieni," mama akasema. "Mimi nipo chumbani kwangu."